Nyoka Aliyechomwa Kabla Hajajulikana

Watu wawili walimwona yule nyoka akiwa hai, na kila mmoja alikuwa na nyoka wake. Jirani yetu mvuvi, mwenye kishamba cha muhogo kando ya chetu, alisema ni fira, tena mweusi. Mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, anayelima jirani naye, aliapa ni kifutu, mfupi na mnene. Mke wangu, ambaye ndiye aliyeumwa, hakuona zaidi ya mkia. Aliinama kubeba miti ya muhogo ya kupanda, akahisi kitu kimemchoma kiganjani, na mkia ukapotea kwenye majani.

Nilimpakia kwenye pikipiki ya kukodi, dereva mbele, yeye katikati na mimi nyuma, tukaenda kwenye kituo cha afya huku mjini Baraka, kando ya ziwa. Nyuma yetu majirani walimfuata nyoka mpaka wakampata. Walimponda kichwa, wakammwagia petroli, wakamchoma. Kwetu nyoka aliyeuma mtu hadhaniwi kwamba amejiendea tu. Kuna aliyemtuma, na moto ndio unaowakinga waliobaki. Siku ile sikuwalaumu. Leo nawalaumu, tena sana, na nikikutana nao sokoni nawasalimia shingo upande.

Muuguzi, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, hakutaka kusikia fira wala kifutu. Alisema watu wakiogopa huona nyoka yeyote, na yeye ana nyoka wa aina mbili tu.

"Iko ya damu, na iko ya mishipa ya fahamu. Ya damu, niko na dawa yake. Ya mishipa, dawa iliisha. Muniletee nyoka mwenyewe, nimuone."

Mvuvi akafika na gunia. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kilichojikunja, ngozi imebanduka, kichwa hakuna. Muuguzi alikigeuza kwa kijiti kama kipande cha mkaa.

"Munaniletea makala?"

Mvuvi akatoa simu, eti ana video. Tukaitazama sote. Ilikuwa moto, kelele na miguu ya watu. Hakuna aliyekumbuka kumpiga nyoka picha kabla hajawaka. Nilitamani kuitupa simu ile ziwani, na mwenyewe nyuma yake.

Basi ikabaki mwili wa mke wangu useme. Muuguzi alimtoa damu kidogo, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akakisimamisha dirishani na kukataza mtu asikiguse. Damu ikibaki maji, ni kifutu au jamaa zake, na dawa ipo. Ikiganda, nyoka wa damu hayumo, amebaki fira, wa mishipa, ambaye dawa yake iliisha.

Nikakaa nakitazama kile kichupa. Mimi ni mtu wa kusali, lakini sala ya siku ile sijamsimulia hata mchungaji wangu. Nilimwomba Mungu damu ya mke wangu iharibike. Mkono wake ulikuwa umevimba kidogo tu, nami nikawa naubonyeza, nikitaka uvimbe zaidi.

"Uko unaniumiza!" akafoka. "We, uko na shida gani?"

Nilifurahi kugombezwa. Mtu anayegombeza bado ana nguvu.

Muuguzi alirudi, akainamisha kichupa. Damu haikumwagika. Ilikuwa imeganda vizuri, damu ya mtu mwenye afya yake. Mvuvi, ambaye hakuwa ameelewa, akasema, "Aksanti Mungu." Nilimtazama kwa chuki mpaka akatoka nje.

Muuguzi naye akatoka kupiga simu, kutafuta gari la kutupeleka hospitali kubwa. Tukabaki mimi na mke wangu. Alikuwa ananikazia macho huku amekunja uso, kope zinamlemea.

"Mbona muko babili?" akauliza. Ulimi ulikuwa umeanza kuwa mzito.

Nikamwambia hatuko wawili, mvuvi ametoka, niko peke yangu.

"Hapana. Muko babili. We ni yupi?"

Nilijua sasa ni nyoka gani, nikajua bila kuuliza mtu. Akanyoosha ule mkono wake mzima, akamchagua yule ambaye si mimi, akashika hewa. Nikasogeza uso wangu haraka hadi pale mkono ulipokuwa, nikakaa hapohapo mpaka pumzi yake ilipokatika, kabla gari halijafika.