Sufuri Ndani ya Fighi

Yule mtaalamu wa maji aliyetumwa kwetu kutoka Voi ninamjua jina, na la baba yake, na la babu yake aliyeshuka kutoka milima hii kwenda kukata mkonge huko chini. Majina hayanipotei. Lakini lake sitaliandika hapa. Hajalifanyia kazi ya kuandikwa.

Alifika kijijini kwetu Mghange na viatu visivyo na tope, akaniambia bwawa la kijiji litachimbwa juu, kwenye fighi. Fighi ni kile kipande cha msitu ambacho wazee wetu walikiacha bila kuguswa. Hatukati kuni humo, hata kupita hatupiti. Na ili tingatinga lifike huko, lingekata katikati ya matuta yangu saba ya maharagwe. Kila jiwe la matuta hayo nililipanga kwa mkono wangu, nikiwa na mimba na nikiwa sina.

"Juu?" nikamuuliza. "Maji yatapanda kwa miguu gani?"

"Mama, kompyuta imeonyesha kuna shimo kubwa huko. Hiyo ni sayansi."

Alisema sayansi kama mtu anayekutajia jina la mjomba wake mkubwa serikalini.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mjukuu wangu, msichana wa chuo, ambaye bwana huyo alimpa kazi ya kuchora kilima chetu. Vijana wa hapa walikuwa wametembea na kifaa cha kupimia, hatua kumi, wanasimama, wanaandika mahali na kimo chake, hatua kumi tena. Namba zote zikawekwa kwenye faili. Programu huzisoma, halafu inachora kilima kizima kama shuka iliyotandikwa juu ya viti, na unaweza kukizungusha ukione nyuma. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kilima hiki nakijua bila shuka.

Asubuhi moja niliketi na mjukuu mezani nikichambua maharagwe, nione hilo shimo kwa macho yangu. Picha ya kwanza ilikuwa aibu. Mistari imepita huku na huku juu ya kilima, mtu hajui mbele wala nyuma.

"Inaunganisha mwisho wa safu moja na mwanzo wa safu inayofuata," akasema. "Hata juzi ilinifanyia hivi. Nilirekebisha nikamtumia mtaalamu picha, lakini marekebisho yenyewe sikuyahifadhi."

"Kama anayeshona bila kukata uzi."

"Ndiyo, Nyanya. Inataka mstari mtupu kila safu ikiisha."

Akaingiza mistari mitupu, mmoja baada ya mwingine. Kilima kikasimama. Nikaona kijito, nikaona njia ya kanisani, nikaona mahali matuta yangu yanaposhukia. Halafu pale palipo fighi, shimo. Kuta zake wima, limezama hata kupita kijito.

"Hilo lingekuwepo, ukoo huu ungekwisha kwa kutumbukia," nikamwambia. "Pale ndipo juu kabisa. Nani alipima ndani?"

Akafungua faili, akashuka nalo kwa kidole. Vimo vyote vilikuwa mita elfu moja na zaidi. Kufika fighi: sufuri, sufuri, sufuri. Akampigia simu mmoja wa wale vijana, akaweka sauti ya nje.

Kijana akacheka. "Sasa wewe, nani angeingia fighi na kifaa? Si ningerudi kichaa! Tulizunguka. Bosi akasema safu zisipolingana programu itakataa, tujaze chochote. Tukaweka ziro."

Vijana hao siwalaumu. Hawakuingia kwa sababu wana mama zao waliowalea. Lakini huyo bosi, mtaalamu wetu, mzaliwa wa milima hii hii! Sufuri ni usawa wa bahari. Aliamini kwamba hapa juu, tunakovaa sweta mchana, kuna mahali palipo chini kama Mombasa, na hakushtuka. Aliona rangi nzuri kwenye kioo, basi. Matuta yangu yangekufa kwa ajili ya namba ambayo hakuna mtu aliyeipima.

Mjukuu akafuta zile sufuri, akaweka alama ya kuiambia programu kwamba hapa hakuna kipimo. Picha ikarudi na kiraka cheupe mahali pa fighi, na ardhi pande zote inapanda kukielekea.

Mtaalamu alikuja mchana. Nilimpa chai, maana adabu ni yangu, si yake.

"Mbona umeiharibu?" akamuuliza mjukuu. "Ina pengo. Wakubwa watauliza."

"Wakiuliza, waambie hukupima," nikasema. "Au kinywa chako kinauma?"

"Mama, niache na mambo ya kitaalamu. Wewe msichana, jaza wastani wa namba za pembeni, ipendeze."

"Nikijaza hivyo panainuka," mjukuu akamjibu. "Shimo halipo tena."

Mtaalamu akaivuta kompyuta. Akakizungusha kilima, akakitazama kutoka nyuma, akakipindua akakichungulia kutoka chini, kama aliyepotelewa na mbuzi. Chai ikapoa. Mwishowe akauliza, bila kunitazama:

"Sasa maji huwa yanasimama wapi?"

"Bondeni chini ya kanisa, penye vyura. Mtoto wa chekechea angekuambia."

Kwenye baraza ya chifu alisema kwamba baada ya uchambuzi wa kina ameamua bwawa liende bondeni. Ameamua! Watu wakampigia makofi. Mimi mikono yangu ilikaa mapajani.

Tingatinga likaja kwa barabara ya chini. Nililisikia nikiwa kwenye tuta la saba, napalilia, na sikusimama kulitazama.