Bi Tahiya na Mzuka Wake

Kwa miaka thelathini Bi Tahiya alikuwa sauti tu. Watu wa Unguja walimsikia redioni katika michezo ya kuigiza, leo mama mkwe, kesho mchawi, na wakipishana naye Darajani hawamtambui mpaka aulize bei ya samaki. Hapo muuzaji huduwaa. Basi huyu, kati ya watu wote, ndiye aliyeota uvimbe kooni. Daktari hakumficha: mwezi ujao, Jumatatu, atapasuliwa, na sauti haitarudi tena.

Mwengine angejifungia chumbani akalia. Yeye alimwendea Talal, mwalimu wa chuo kule Tunguu aliyekuwa akitayarisha mchezo wa kutisha, akamwomba ampe nafasi ya mzuka. Hadithi ilikuwa ya zile tulizotishiwa utotoni: mwanamke kafa na amana ya yatima, bangili aliyoificha bila ya kumwambia mtu, na kila siku jikoni kwake husikika nazi ikikunwa. Mwisho mzuka wake hutokea, akasema bangili ilipo, akapumzika. Maneno yenyewe ni ukurasa mmoja. Bi Tahiya alitaka ayaseme hayo mbele ya watu, wanamuona, kisha koo na liende.

Ukumbi walipewa Jumamosi moja tu, siku mbili kabla ya Bi Tahiya kupasuliwa, baada ya Alasiri. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili kiza kipatikane saa kumi na nusu, maana kina mama wa Mji Mkongwe hawangekubali kukaa nje usiku kwa ajili ya mzuka wa kuigiza. Talal alitaka mayowe na ngoma. Bi Tahiya alikataa katakata. Alikaa nyuma ya pazia na mbuzi yake ya kukunia nazi. Akakuna, akanyamaza, akakuna tena. Waliokuja kucheka waliacha kutafuna njugu, wakasogeleana.

Pazia lilipofunguliwa akatokea, amejifunga shuka jeupe mfano wa sanda. Ndiyo kwanza anafungua kinywa, mwanamke mmoja wa safu ya mbele akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti. Wa pili akafuata, mara ukumbi mzima. Bi Tahiya akanyamaa. Kurani ikisomwa huzungumzi juu yake, hata ukiwa mzuka, ndivyo alivyolelewa. Walipomaliza akavuta pumzi. Wakaanza upya. Mara ya tatu alirudi nyuma taratibu mpaka pazia likamfunika, nao wakamshukuru Mungu kwa kumfukuza, wakatafuta viatu vyao. Walidhani mchezo ndivyo unavyokwisha.

Talal, machozi yakimlengalenga, alimsihi ayaseme maneno yake pale pale amrikodi kwa simu. Bi Tahiya alimjibu kwamba kurikodiwa amerikodiwa umri wake wote.

Kisha akaingia yule mwanamke wa safu ya mbele. Alikuwa Nassra, mdogo wake wa tumbo moja, aliyemsikia akiyakariri maneno yale mwezi mzima nyumbani.

"Mchezo ulikuwa unaujua," Bi Tahiya alimwambia. "Uliogopa nini?"

"Sikuogopa mzuka, dada. Nlikuona wewe, umeshavishwa sanda."

Bi Tahiya alianza kulivua lile shuka, lakini fundo la shingoni lilikuwa limekaza. Alimgeukia Nassra amfungulie, na Nassra hakuweza kuligusa.