Shimizi ya Bintiye Fundi

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na kitu alichojivunia kuliko vyote ni shimizi. Kwake yeye, gauni lisilo na shimizi ndani lilikuwa aibu iliyopigwa pasi. Lakini siku hizi magauni yanatoka dukani na bitana yake, na cherehani yake ikabaki kupunguza suruali za watu waliokonda.

Binti yake wa pekee alipokaribia kuolewa, Fundi alimshonea shimizi nyeupe ya hariri, kimyakimya. Likabaki pindo tu, maana yeye hapindi pindo mpaka mwenye nguo avae, asimame mlangoni, mwanga umpige kwa nyuma. Kumwambia binti sasa, hapo ndipo penye kazi. Gauni la harusi lilishanunuliwa, tena lina bitana ya kutosha! Mwanamke aliyezoea kuwakemea wateja wake kama watoto aliogopa kuambiwa "sitaki" na mtoto wake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi binti akaikuta chini ya vitambaa.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya mwenye macho."

"Jamani, Mama! Shimizi? Na gauni lina bitana?"

Fundi akanywea. "Ni vazi letu hilo, tangu enzi za bibi yako."

"Letu wapi?" akadakia mumewe, mchapaji mstaafu asiyeweza kuona neno likapita bila kulisimamisha. "Neno hilo asili yake ni Kifaransa. Kwao ni shati. Lilipita wapi mpaka likatufikia, sijui."

"Shati hili hili la mikono na kola?" akauliza Fundi.

"Hilo hilo."

Fundi akazitazama zile kamba nyembamba za begani, akaangua kicheko. "Basi waliolipokea walisikia joto, wakakata mikono na kola!"

Binti naye alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaivaa juu ya fulana yake. "Kama shati limekuwa shimizi, na mimi naigeuza. Nitaivaa nyumbani kwangu kila asubuhi. Kata hapa, magotini."

Tusidanganyane, Fundi ilimuuma. Aliishona kwa ajili ya harusi. Ila harusini ingevaliwa siku moja tu, tena ndani, isionwe na mtu.

"Kila asubuhi?" akauliza.

"Mpaka ichanike."

"Nguo yangu haichaniki," akasema Fundi, akachukua mkasi.