Vigelegele kwa Jumbe

Juzi, hapa Levolosi, niliona watu wakimshangilia mgawa unga, nikakumbuka mwaka wa njaa kwetu Olmotonyi. Jumbe aliyewekwa na Waingereza alikuwa amemchapa baba viboko kwa kukosa kwenda kulima barabara. Wiki hiyohiyo aligawa mahindi yanayonuka uvundo, na mama akapiga vigelegele kuliko wote. Nikamvuta shuka.

“Yeyo, si ndiye aliyempiga baba?”

“Piga na wewe! Wanaonyamaza wanapimiwa nusu debe.”

Nilidhani mahindi ni ya jumbe. Kumbe yalitoka katika ghala tulilolijaza sisi wenyewe wakati wa mavuno.

Jioni baba alikula ugali amelala kifudifudi. “Jumbe huyu ana huruma,” alisema, na hakuwa anatania.