Maiki Kwenye Chumba cha Magodoro

Mimi ni mchungaji, na ni mdadisi wa kuzaliwa. Nikinunua pasi mpya, siwezi kutulia mpaka nimeifungua nione kilichomo ndani. Mke wangu ameshazoea kunyoosha nguo kwa pasi iliyobaki na skrubu tatu. Kwa hiyo nilipoamua kuanzisha podikasti, nilijua mashine hazitanishinda. Kusema nako sikuwa na wasiwasi nako, maana ndiyo kazi yangu ya kila Jumapili.

Aliyenifanya nianze ni mama mmoja wa kanisani kwetu, dobi katika hoteli moja ya Kendwa, kaskazini ya kisiwa. Kanisa letu ni dogo, liko Mji Mkongwe, na wengi wetu tumetoka bara kutafuta maisha. Jumapili ndiyo siku ambayo wageni wa hoteli yake hupishana, hawa wanaondoka na wale wanaingia, na mashuka yote hufuliwa siku hiyo hiyo. Mama huyu alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alikwenda Tanga kumzika mama yake, akarudi kazini, na tangu hapo hakupata ruhusa ya Jumapili hata moja. Siku moja akanipigia simu. Nilidhani anataka nimwombee, lakini haikuwa hivyo.

"Mchungaji," akasema, "mwanzoni Jumapili ikipita nilikuwa nalia. Sasa silii tena. Naogopa nitazoea."

Nilimwambia nitamletea ibada huko huko aliko. Nikakata simu, nikabaki nimekaa nikijiuliza nimeahidi kitu gani.

Nilianzia nyumbani, na hapo ndipo nilipogundua kuwa Mji Mkongwe hauna kimya. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Hamali wa mkokoteni anapiga kelele apishwe njia. Vespa inakohoa chini ya dirisha, kisha adhana inaanza msikiti huu na kudakwa na ule. Sauti hizo nilikuwa nimeishi nazo miaka, masikio yangu yameacha kuzihesabu, lakini maiki ilizikusanya zote. Niliingia hata ndani ya kabati la nguo, nikatoka humo jasho linanitiririka na dakika nne za mahubiri yasiyofaa.

Aliyeniokoa ni fundi wa magodoro wa mtaa wa Ng'ambo. Nilikwenda kuchukua godoro alilonishonea, nikaingia chumba chake cha nyuma, kimejaa magunia ya sufi ya kujazia magodoro mpaka darini. Nilisema neno, sijui hata neno gani, na sauti yangu ikafia pale pale mdomoni. Nikasema tena, kwa kutaka kuhakikisha tu.

"Fundi, humu ndani kuna nini?"

"Sufi, Padri. Humu ukimtukana mtu, hakusikii."

Wenyeji wengi humwita kila mchungaji padri, nami nimeshaacha kubisha. Nikamweleza shida yangu kwa woga kidogo, maana yeye ni Mwislamu wa msimamo na mimi nilikuwa ninaomba kuhubiri ndani ya duka lake. Alifikiri, akaniuliza swali moja tu.

"Utaisema vibaya dini ya mtu?"

"Hasha."

"Basi njoo Jumatano asubuhi. Wakati huo nnashona kwa mkono, hapana kelele."

Jumatano nikakaa juu ya gunia, maiki nimeiegemeza kwenye mto. Nikavuta pumzi, nikasema, "Bwana Yesu asifiwe!" Halafu nikanyamaza. Sikuwa nimepanga kunyamaza. Ni kwamba miaka yote nikisema hivyo kanisa zima huitikia "Amina", na mdomo wangu umejifunza kungoja. Nikaitazama maiki. Kimya. Basi nikasema tena kwa nguvu zaidi, kama tufanyavyo watu wakiitikia kinyonge. Kimya vile vile. Nilipofika kwenye Zaburi nikasema tufungue pamoja, nikangoja watu wafungue, na nikawangoja hata wale wa viti vya nyuma ambao siku zote huchelewa kuipata.

Mke wangu aliposikiliza alicheka mpaka akashika ubavu. "Mbona unazimikazimika? Mtu atadhani bando lake limekwisha."

Niliona aibu, lakini zile podikasti tatu za mwanzo nilizirusha hivyo hivyo kwa sababu sikujua kukata. Baadaye nikajifunza. Kwenye simu, sauti inaonekana kama meno ya msumeno, na kimya kinaonekana kama mstari ulionyooka. Unaweka kidole juu ya mstari, unafuta, meno yanakutana. Nilinogewa mno. Nilifuta kila mstari ulionyooka, nikafuta na pumzi zangu, na kufikia ya nne nilikuwa nasema kama dalali wa samaki pale Mkokotoni. Nikajiona fundi kweli.

Kilichonisumbua ni kutojua nani anasikiliza. Simu ilinionyesha idadi, tena ndogo, lakini idadi haina uso. Nilitamani kuwaona. Wanasikiliza wamekaa au wamelala? Wanasinzia mahali gani? Kanisani ninajua nani husinzia na kwenye neno gani. Na mama wa Kendwa, ambaye kwa ajili yake nilianza yote haya, hakuwa ameniandikia hata neno moja. Wiki ya sita uvumilivu ukaniishia, nikaenda mwenyewe.

Chumba cha madobi kiko nyuma ya hoteli, kina joto na harufu ya sabuni, na mashine mbili zinazotetemeka. Nilimkuta akikunja shuka na mwenzake, mwanamke wa Tumbatu, kila mmoja kashika ncha zake. Kwenye rafu palikuwa na bakuli la bati, na simu yake imesimamishwa ndani yake ili sauti ikue. Tukasalimiana. Nikashindwa kujizuia, nikauliza hapo hapo.

"Podikasti unaisikia?"

"Naisikia, Mchungaji." Akaunyoosha upindo wa shuka. "Ila siku hizi hunisubiri."

Sikuelewa. Mwenzake ndiye aliyenifafanulia. "Zile za mwanzo ulikuwa ukishasalimia unanyamaza. Mie nnamwambia huyu, 'Jibu basi, umesalimiwa!' Nkawa nazima na mashine, ajibu vizuri. Sasa unapita mbio, hujibiki."

"Nilikuwa naitikia," mama akasema. "Kwa sauti kabisa. Nikawa naona kama na mimi nimefika. Sasa nikisema amina, wewe umeshafika mbali. Nikaacha kuitikia." Akaweka shuka juu ya rundo, akalilaza kwa kiganja. "Wiki iliyopita sikuifungua."

Nilisikia aibu ambayo sijaisikia tangu nianze kazi hii. Nilikuwa nimekaa na kidole changu nikimfuta mtu yule yule niliyemwahidi, na nikafurahia. Bado nilitaka kujua zaidi.

"Hata pale pa Zaburi? Palikuwa parefu mno pale."

"Hapo ndipo nilipopapenda," akasema. "Nilikuwa napata kukausha mikono, nafungua Biblia yangu. Mara zote tatu niliiwahi."

Jumatano iliyofuata nilikaa juu ya gunia langu la sufi, nikasema, "Bwana Yesu asifiwe." Nikanyamaza. Akilini nilimwona yule mwanamke wa Tumbatu akienda kuzima mashine, kwa hiyo nikaongeza muda kidogo. Mlango ukafunguka, fundi akachungulia na sindano yake mkononi.

"Padri, imeharibika?"

"Haijaharibika," nikamjibu kwa sauti ya chini. "Kuna mtu namsubiri."

Fundi akatazama magunia, akatazama mto wenye maiki, akanitazama mimi. Kisha akaurudishia mlango polepole, asije akamkatiza.