Maziwa Aliyokamua Kaka

Kaka yangu alirudi kutoka Mubi juu ya pikipiki, amebanwa katikati ya wanaume wawili na kufungwa kitenge cha Mama kiunoni ili asiruke. Mama mwenyewe alikuwa kwenye pikipiki ya nyuma, akilia na kumwambia dereva asiendeshe kwa nguvu.

Kule Mubi kaka alikuwa akibeba abiria na mizigo ya migodini. Kisha akaacha kulala. Akaacha kula. Akaanza kujibu maneno ambayo wenzake hawakuyasikia. Njiani walimsimamisha kwanza kwenye chumba kimoja cha maombi, wakamfungisha saumu mpaka mbavu zikahesabika, halafu wakamleta nyumbani kwetu Masisi, kwenye ng'ombe.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mama alisema amerogwa. Baba mdogo alisema ni bangi. Majirani walisema ni mambo aliyoyaona barabarani. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Goma, na sikumwamini hata mmoja wao.

Muuguzi wa kituo cha afya naye sikumwamini. Alileta vidonge, na baadaye sindano ya kila mwezi. Nilimwuliza dawa inafanya nini kichwani, imejaribiwa kwa nani, na kaka ataitumia mpaka lini. Alijibu aliyoyajua. Yaliyobaki alisema, "Hiyo sijui, dada." Ni hiyo "sijui" iliyonifanya nianze kumsikiliza.

Kituo chetu hakina wodi ya wagonjwa wa akili. Kaka alingoja sindano yake kwenye benchi moja na wajawazito na watoto wenye malaria. Siku moja, tukiwa tumekaa hapo, nilimweleza muuguzi niliyoyasoma chuoni: minyororo, kuta ndefu, wagonjwa kufungiwa miaka mingi. Nilitaka kuona kama atakana.

"Ni kweli," alisema. "Mwalimu wetu alituambia zamani wauguzi ba hii kazi balichaguliwa kwa ukubwa ya mikono. Kazi ilikuwa kushika mugonjwa na kushika ufunguo."

"Na weye balikuchagulia nini?"

Alitazama mikono yake myembamba, akacheka. "Miye? Bengine bote balikataa kwenda formasio, kujifunza hii kazi."

Kaka, aliyekuwa amenyamaza tangu asubuhi, naye akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Polepole usingizi ulirudi, kisha hamu ya kula. Sauti zikawa mbali, alisema, kama watu wanaozungumza ng'ambo ya kilima. Muuguzi alipotutembelea nyumbani, alimwuliza Mama kaka anafanya kazi gani sasa.

"Anapumuzika."

"Tangu lini?"

"Tangu alirudia."

"Mama, hii dawa haiko ya kumukalisha. Alikuwa anafanya nini mbele?"

Nilijibu mimi: kabla ya kwenda Mubi kaka alikuwa mkamuaji, hakuna aliyemshinda hapa kilimani. Tatizo ni mnunuzi wa maziwa, anayepita kila asubuhi na pikipiki yake kukusanya bidoni, yale madumu ya maziwa. Alikuwa amemwambia Mama waziwazi kwamba siku atakayosikia yule mgonjwa amekamua, hatabeba. Basi ng'ombe wakawa wanakamuliwa na baba mdogo, na kaka anatumwa kukata majani. Akipita karibu na zizi, ng'ombe wanamgeuzia vichwa.

"Umurudishie kazi yake, Mama," muuguzi alisema.

"Tutaona," Mama alijibu. Kwa Mama neno hilo maana yake ni hapana.

Asubuhi moja niliamshwa na mluzi. Kaka hupiga mluzi akikamua. Nilitoka nikamkuta zizini, amechuchumaa chini ya yule ng'ombe mweusi anayempiga baba mdogo mateke, na ng'ombe ametulia kabisa. Mama alikuwa amesimama kwenye uzio, mkono mdomoni. Hakumkataza. Alichukua ndoo, akachuja maziwa, akajaza bidoni kama siku zote, akaipeleka mlangoni. Nilielewa kwamba ataficha. Nami ninayependa ukweli niliomba moyoni kaka anyamaze.

Mnunuzi alifika, akafungua bidoni, akanusa. "Leo iko mingi! Mulikamua na ng'ombe ya jirani?"

Mama alijaribu kucheka.

"Ni miye njo nilikamua," kaka alisema.

Mnunuzi alirudisha kifuniko taratibu. "Mama, tulisikilizana namna gani?" Kisha akamgeukia kaka. "Sina mubaya na weye, kaka. Lakini batu ba kule chini bakijua, nitamuuzishia nani?"

"Maziwa inatoka kwa ng'ombe. Haitoke mu kichwa yangu."

Mnunuzi nusura acheke. Lakini aliiacha bidoni chini, akawasha pikipiki, akaenda.

Nilikuwa na hotuba nzima tayari kwa ajili yake, ila kaka hakuwa akimtazama yeye. Alikwenda kuchukua kikombe, akamimina, akampa Mama. "Shika, Mama."

Kwetu maziwa unayopewa hayakataliwi. Kuyakataa ni kumkataa aliyekupa. Mama alikiangalia kikombe.

"Tuichemushe kwanza," alisema.

Maisha yake yote Mama amekunywa maziwa yakiwa na joto la ng'ombe. Alikuwa akitucheka sisi wa mjini kwa kuyachemsha.

"Weye, Mama?" kaka aliuliza. "Kuchemusha?"

Hakukirudisha kikombe; aliendelea kumnyooshea. Mama alimtazama usoni. Akakaa chini kwenye majani yenye umande, maana maziwa hayanywewi mtu akiwa amesimama, akakipokea kwa mikono miwili. Alikunywa mpaka mwisho. Povu likabaki juu ya mdomo wake.

"Iko nyepesi," alisema. "Ule mweusi haukumumaliza kukamua."

"Alikuwa anachoka, Mama."

"Anachoka nini? Yenye mafuta iko inabakia ndani. Rudia umumalize!"

Kaka alichukua ndoo, akarudi zizini karibu akikimbia.

Nilimwuliza Mama kwa sauti ya chini kama kweli maziwa yalikuwa mepesi.

"Weye unaulizaga sana," alisema. "Leta kikombe yako."

Nilileta, nikakaa karibu naye.