Mechi Aliyokuja Kuitazama

Delmar Hruska alikuwa ameketi jukwaani, na hilo peke yake liliwashangaza watu wa Prosek. Walizoea kumwona nyuma ya mdakaji, kinyago usoni, akiamua mechi za besiboli za shule za upili kote katika tambarare zile za Nebraska. Hakuwahi kuketi na kocha mkahawani, wala kupokea kahawa ya mzazi yeyote, ili asiwepo wa kusema amenunuliwa. Mkewe alipokuwa hai, msimamo huo haukumgharimu sana. Tangu amzike, alikula peke yake.

Tena hakuamua mechi ya damu yake. Waamuzi walikuwa wachache, kwa hiyo kila mjukuu wake Tanner aliporusha mpira, babu alikuwa ametumwa uwanja mwingine. Hakuwahi kumwona akicheza hata mara moja. Sasa mvua ilikuwa imeisukuma mechi ya mwisho ya Tanner, mrushaji wa Prosek, hadi siku ya mwisho ya ratiba, na Delmar alikuwa huru. Mkwewe Janelle, mama yake Tanner, alimwekea nafasi kando yake, na mkate wenye soseji.

Kabla hajauma, kocha wa Prosek, Wiebe, akapanda ngazi akihema.

"Mzee Delmar, vifaa unavyo garini?"

"Vipo. Kwani mwamuzi yuko wapi?"

"Wamempanga mechi mbili kwa wakati mmoja. Ameenda kule kwingine. Na shule siku hizi inalipia mmoja tu, wa akiba hatuna."

"Wiebe, yule pale ni mjukuu wangu."

"Hata sisi wageni tunajua," alidakia kocha wa timu pinzani, aliyemfuata Wiebe nyuma. "Mzee, wewe ungemtoa nje hata mama yako mzazi! Sisi tumeridhika. Basi letu kesho limeshapewa wanariadha. Ni leo, la sivyo tumeshamaliza msimu."

Delmar alimtazama kijana akipasha mkono joto. Akikataa, Tanner hachezi. Akikubali, yeye hatazami.

"Baba, si leo ulikuwa wetu?" Janelle akasema kwa sauti ndogo.

Alimrudishia mkate, akashuka. Alivaa vifaa vyake nyuma ya gari, buti likiwa wazi, kama siku zote, bila mtu wa kumfungia kamba za kinga ya kifua mgongoni.

Tanner alimpita akienda kwenye kilima kidogo cha kurushia mpira. "Habari za jioni, mwamuzi."

"Nzuri. Haya, rusha."

Mpaka kipindi cha mwisho timu zilikuwa sare. Wageni walijaza vituo vyote vitatu, na mipira mitatu mibovu ilikuwa imeshahesabiwa; wa nne ungempa mpigaji kituo bure. Tanner akarusha mpira mmoja mzuri, wa kasi, uliopita chini ya goti la mpigaji kwa unene wa kidole. Delmar hakuinua mkono kuuhesabu kuwa halali, maana halali hauvuki chini ya goti. Mpigaji akaenda kituoni bure, na mwenzake wa kituo cha tatu, akisukumwa mbele, akaingia na bao.

"Mwamuzi, uza gari ununue miwani!" mtu alipiga kelele.

"Baba!" Janelle alisimama. "Ule hata mimi niliuona!"

Tanner alinyoosha glovu, akaomba mpira mwingine. Prosek hawakulirudisha bao lile.

Wapo watakaosema mzee yule hakuwa na moyo. Wanakosea. Upendo unaoomba kidole kimoja cha uongo leo utaomba mkono mzima kesho, na watoto wa wengine ndio watakaolipa.

Mwamuzi hakawii uwanjani mechi ikiisha. Delmar alikuwa tayari kwenye usukani alipomwona Tanner akija kwenye maegesho, kofia mkononi. Nyuma yake, kocha wa wageni alikuwa akiwapandisha vijana wake kwenye basi, huku akitazama. Delmar akawasha gari, akaondoka.

Njiani, mashamba yakiwa matupu pande zote mbili, alijaribu kukumbuka. Kila mpira ulimjia: ulikopita, ulivyopinda, uamuzi alioutoa. Akatafuta sura ya kijana alipokuwa akirusha, kama aliuma mdomo, kama aliwahi kutabasamu.

Hakuiona. Alikuwa ametazama mpira tu.